Maneno Yaliyolainika Koridoni

Kazi yake hasa ilifanyika koridoni. Vyumba viwili vya ofisi ya usuluhishi vilikuwa na viti, feni na chupa ya chai, lakini humo alikaa kwa muda tu, kama mgeni anayesubiriwa kwingine. Upande huu walikaa wenye malalamiko, upande ule wakakaa wanaolalamikiwa, na katikati ilipita korido ya sakafu nyekundu iliyopauka kwa nyayo, nyingi zikiwa zake mwenyewe. Alitoka chumba kimoja na maneno kichwani, akapiga hatua chache, akagonga mlango wa pili. Hatua hizo chache ndizo zilizompa jina. Makarani walimwita Bi Pamba. Mpe msumari akupelekee kwa adui yako, walisema, atafika na pamba mkononi.

Alilipenda jina hilo, ingawa alijifanya kulikasirikia.

Ujana wake aliumalizia mahakamani, kwenye chumba cha majalada, akipanga kesi zilizozeeka kuliko walioziingiza. Aliwaona majirani wakishinda na kushindwa, kisha wote wawili wakishuka ngazi bila kuangaliana usoni. Ofisi ya usuluhishi ilipofunguliwa, ya kuzikutanisha kampuni na watu wanaoishi kandokando yake, aliomba kazi siku ya kwanza. Hapakuwa na majoho wala kizimba. Palikuwa na meza, maji ya kunywa, na mtu wa kati. Ugomvi ulioletwa ulikuwa wa moshi, kelele za mashine, vumbi la machimbo, taka zilizotupwa pasipotakiwa. Kampuni zilikuja zikisema zimejali mazingira kuliko mtu yeyote. Majirani walikuja wakikohoa. Na yeye akapita koridoni, akarudi, akapita tena, mpaka kikapatikana kitu ambacho wote wangeweza kukitia sahihi.

Kama angeulizwa ufundi huo aliupata wapi, asingetaja kozi wala vyeti. Aliupata nyumbani, akiwa hajaota hata meno ya ukubwani. Baba yake na mama yake walikuwa na tabia ya kununiana, mara nyingine mwezi mzima, na katika kununa kwao walimtumia yeye. Baba alikaa ukumbini na redio yake, mama jikoni, na mtoto katikati.

"Kamwambie baba yako chakula kiko mezani, kama anakitaka."

Alipofika ukumbini ikawa, "Baba, mama anakukaribisha chakula."

"Kamwambie mama yako mimi si mbwa wa kuitiwa sahani."

Na jikoni ikawa, "Baba anasema asante, anakuja sasa hivi."

Mara nyingine baba alikuja kweli, akala, na mtoto akalala kwa amani. Basi akajua kwamba maneno ni kama nguo: yakitoka na matope, mtu mwenye huruma huyafua kabla ya kuyafikisha. Alifikisha umri wa kuwa na mvi akiamini hivyo.

Ndipo likaja shauri la kiwanda cha kutia rangi vitambaa.

Kiwanda kilikuwa juu ya kijito, na mtaa ulikuwa chini yake. Maji yaliyomwagwa yalishuka kwa zamu: leo mekundu, kesho kutwa ya buluu, siku nyingine ya zambarau kama ya harusi. Wenye bustani walilalamika mboga zinakauka mizizi. Lakini aliyewasemea wote alikuwa mwanamke dobi, mfupi, mwenye mikono iliyochubuka hadi kwenye viwiko, ambaye hakuwa na bomba kwake na hakuwa na maji mengine ya kufulia. Siku ya kwanza tu alipokaribishwa aseme, alisema, "Sisi tunajua fasheni ya mwakani kabla ya wenye maduka. Tunaisoma mtoni." Hata mwanasheria wa kiwanda aliinamisha uso acheke.

Kando yake aliketi mwenyekiti wa mtaa, mzee mpole, mwalimu mstaafu aliyependa sentensi kamili.

Upande wa kiwanda alikuja meneja mwenyewe, mtu wa sauti ya chini na viatu vinavyong'aa. Hakutaka mahakama. Wanunuzi wake wa ng'ambo walitaka kuona kwamba kiwanda kinaishi vizuri na majirani, na lebo za vitambaa vyake tayari zilikuwa zimechapwa jani la kijani na neno "endelevu". Dobi aliliona neno hilo kwenye mfuko wa plastiki uliookotwa, akalisoma polepole, akasema, "Ni kweli. Hawajaacha kumwaga hata siku moja. Wanaendelea."

Baada ya kikao cha pamoja kilichoishia kwa kurushiana maneno, Bi Pamba aliwatenganisha. Wa kiwanda huku, wa mtaa kule, na yeye koridoni, mahali pake.

Meneja alimwambia hivi, akiwa anakoroga chai: "Kisima tutawachimbia, tena mwezi huu huu. Kuhusu kijito, sigusi. Mtambo wa kusafisha maji machafu haumo kwenye mipango yetu, na wasikae wakidhani utakuja. Waambie hivyo hivyo, mama. Usiwapambie."

"Nitawaambia," alisema.

Akatoka. Akapiga hatua zake. Alipoufungua mlango wa pili na kuziona zile nyuso zimemgeukia, dobi ameshikilia kingo za kiti kama mtu anayesubiri sindano, kitu ndani yake kikafanya kazi bila kumwuliza.

"Kisima wamekubali, tena mapema," alisema. "Suala la kijito bado wanaliangalia."

"Kuangalia wanaangalia kila siku," alisema dobi. "Si wako juu yake?"

Mwenyekiti akatabasamu. Dobi hakutabasamu. "Dada, nenda ukawaambie hivi. Kisima bila kijito ni pipi ya kumnyamazishia mtoto. Wakituchimbia kisima huku wanamwaga rangi yao, tutakifukia kwa mikono yetu. Mimi nitakuwa wa kwanza kushika koleo."

"Nitawaambia."

Na kule kwa meneja ikawa: "Wamekipokea kisima kwa moyo mkunjufu. Wangependa kusikia zaidi kuhusu kijito, lakini wameona nia yenu."

"Watu waelewa hawa," alisema meneja, akaweka kikombe chini. "Nilidhani watakuwa wagumu."

Mambo yakaenda hivyo siku nzima, na jioni mkataba ukawa umeandikwa. Kisima kilikuwa na kifungu chake, chenye vipimo na tarehe. Kijito kilikuwa na sentensi moja, na sentensi hiyo aliitunga yeye, akaigeuza mara kadhaa mdomoni mpaka ikakosa kona za kumchoma mtu: "Kampuni itaendelea kukiangalia kijito kwa jicho la pekee." Chini yake kikafuata kifungu cha kawaida, ambacho huwa kwenye kila mkataba wa namna hiyo: pande zote zimeridhika, na hakuna atakayeleta dai lingine juu ya jambo hili. Wote wakasema watatia sahihi kesho asubuhi.

Alirudi nyumbani akijisikia mwepesi.

Mama yake aliishi naye siku hizo. Miguu ilikuwa imemvimba, na kila jioni Bi Pamba aliketi kwenye kigoda, akaiweka mapajani, akaichua kwa mafuta. Huo ndio ulikuwa wakati wao wa mazungumzo. Jioni hiyo alimsimulia habari ya kiwanda, jinsi walivyokuwa wakitaka kurukiana, jinsi alivyokwenda huku akarudi kule, akipooza maneno kidogo hapa, kidogo pale, mpaka wakatulia.

"Kumbe bado unapooza," alisema mama.

"Bado vipi?"

"Kama ulivyokuwa ukitupoozea mimi na baba yako."

Bi Pamba akacheka. "Kumbe ulijua."

"Mwanzoni sikujua." Mama aliangalia dirishani, bila haraka. "Unakumbuka ile siku niliyofunga mizigo? Nilikutuma kwa baba yako ukamwambie naondoka. Ukarudi ukaniambia, baba amesema usiondoke, anakuhitaji. Ulisema huku umeshika sketi yangu. Nikakaa chini, nikafungua mizigo."

Mikono ya Bi Pamba ilikuwa imesimama juu ya kifundo cha mguu.

"Baadaye sana nikamwuliza baba yako. Nilikuwa nataka tu kumsikia akilisema tena. Akashangaa. Alisema siku ile yeye alikujibu hivi: na aende."

Taa ya jirani iliwaka. Mtu alipita nje akiburuta ndala.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa mtoto. Nilikuonea huruma."

"Ungeondoka?"

"Dada yangu alikuwa amenipatia kazi ya ushonaji kwao. Cherehani ilikuwa inanisubiri, na chumba." Mama alijinyoosha kidogo. "Hayo yamepita, mwanangu. Nichue hapo kwenye kisigino, ndipo panaponiuma."

Akachua kisigino. Hakukuwa na lawama katika sauti ya mama yake, na hilo ndilo lililomkata. Angelaumiwa angepata la kujibu. Angesema nilikuwa mdogo, niliogopa, niliwapenda wote wawili. Lakini mama alikwisha kumsamehe kitambo, kimyakimya, bila hata kumjulisha kwamba kulikuwa na kosa. Aliitazama ile miguu iliyokuwa mikononi mwake, iliyosimama miaka yote ile katika jiko la mtu aliyesema na aende, na uso ukamwaka moto kama wa mtu aliyefumaniwa.

Na palepale, bila kutaka, akamwona dobi ameshika kalamu.

Maana alijua vizuri sahihi ile ingefanya nini. Mtaa ungepata kisima, na ungekuwa umeapa kwa mkono wake wenyewe kwamba hautadai kitu kingine tena. Kijito kingebaki cha kiwanda. Na wangetia sahihi wakidhani wamekipata, kwa sababu yeye, mtu waliyemwamini, aliwaambia kinaangaliwa.

Asubuhi alikwenda kazini mapema, akiwa amepanga kumwita kila upande faragha na kuweka mambo sawa. Lakini meneja alikuwa amekwisha kufika, tena na mpiga picha, kwa ajili ya picha ya kushikana mikono watakayotumiwa wanunuzi. Viti vilikuwa vimepangwa upande mmoja wa meza kubwa. Mwenyekiti alikuwa amevaa koti. Dobi alikuwa amevaa gauni lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata, na viatu alivyoonekana kuazima, kwa jinsi alivyokuwa akitembea.

Mkataba ulikuwa mezani. Dobi alimvuta Bi Pamba mkono, akamwonyesha mstari kwa kidole chake kilichochubuka. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya kuuliza la wazi.

"Dada, hapa palipoandikwa jicho la pekee. Hapa ndipo penye mtambo, siyo?"

Neno "ndiyo" lilikuwa limekwisha kufika ulimini. Hilo ndilo alilokuja kulikumbuka baadaye kwa aibu kuliko yote: kwamba baada ya usiku wa kugeukageuka kitandani, baada ya mama yake, ulimi wake bado ulikuwa tayari. Akalimeza neno hilo.

"Kaa, dada," alisema. "Nitalieleza."

Akasimama mbele ya wote. Alipiga moyo konde, akafungua mdomo, na yakatoka yaleyale. "Ndugu zangu, kabla ya sahihi, kuna mambo madogomadogo ya kuwekana sawa."

"Madogo tumwachie mwanasheria," alisema meneja kwa wema, akaangalia saa. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kufungua kalamu yake.

"Si madogo," alisema Bi Pamba.

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Mpiga picha akamtazama.

"Jana sikuwafikishia maneno yenu. Niliyabadilisha." Akamgeukia dobi, kwa sababu hakuthubutu kumtazama na hakuthubutu kutomtazama. "Meneja hakusema wanaliangalia suala la kijito. Alisema hawagusi. Alisema mtambo haumo kwenye mipango yao na msikae mkidhani utakuja. Mkitia sahihi hapa, mnapata kisima, na kijito hamtakidai tena." Akamgeukia meneja. "Na wao hawakukipokea kisima kwa moyo mkunjufu. Walisema kisima bila kijito ni pipi ya kumnyamazishia mtoto. Walisema mkikichimba watakifukia kwa mikono yao. Mimi ndiye niliyesema mengine."

Mwenyekiti aliifunika kalamu yake, polepole, akairudisha mfukoni mwa koti.

"Nilikuambia usiwapambie," alisema meneja hatimaye. Hakuwa amekasirika bado; alikuwa kama mtu aliyekuta mlango wake haujafungwa usiku kucha. "Nilikuambia kwa maneno hayohayo."

"Uliniambia."

"Sasa mimi nimeonekana mwongo mbele ya watu hawa, na sikudanganya."

"Hukudanganya."

Mwanasheria akaanza kuzungumzia taratibu, kwamba usuluhishi umeingia dosari, kwamba inabidi apatikane msuluhishi mwingine, na Bi Pamba akaitikia kila sentensi kwa kichwa. Alitamani ardhi ipasuke. Akaanza kukusanya karatasi zake.

"Ngoja," alisema dobi.

Hakuwa amepaza sauti. Alikuwa amevua kile kiatu kimoja kilichombana, akakiweka kando ya kiti.

"Mimi nafua nguo za watu," alimwambia Bi Pamba. "Wananipa wenyewe, kwa hiari yao, wakijua zitarudi safi. Maneno yangu sikukupa uyafue. Nilikupa uyapeleke."

"Ni kweli."

"Nililala jana nikimwambia Mungu asante. Unajua?"

Bi Pamba alisimama pale na karatasi kifuani, mtu mzima mwenye mvi, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Usitoke," alisema dobi. "Kaa pale." Akamwonyesha kiti kilichokuwa ukutani, mbali na meza. "Kaa usikie yanavyosemwa. Lakini usiseme."

Bi Pamba alimtazama mwenyekiti, kisha meneja, akitafuta atakayepinga. Hakuna aliyepinga. Akaenda akakaa.

Kilichofuata alikisikiliza akiwa amefumbata mikono mapajani. Dobi alivuta kiti chake mpaka kikamkabili meneja, akayarudia maneno yake ya pipi na koleo, moja kwa moja, huku kidole chake kikigonga meza. Meneja akamjibu kwamba kiwanda kikifungwa mtaa mzima utakosa kazi, na yeye, mama, hatakuwa na nguo za kufua. Dobi akasema ni afadhali akose nguo za kufua kuliko kumrudishia mtu shuka yake nyeupe ikiwa ya waridi. Meneja akasema mtambo una bei ya kiwanda kingine. Dobi akamwuliza jani la kwenye lebo yake lilimgharimu nini. Kila neno lilipopita juu ya meza, Bi Pamba alihisi mkono wake ukitaka kunyanyuka ulidake. Anamaanisha hivi, alitaka kusema. Hakukusudia vile. Akajikaza. Maneno yalianguka yalipoanguka, mazito, na matope yake yote, na aliyeangukiwa akayaokota akayarudisha. Aliungoja mlango ubamizwe. Haukubamizwa.

Kisha meneja akasema, kwa ile sauti yake ya chini, "Hiyo sehemu unayofulia. Iko wapi hasa?"

"Hujawahi kuiona?"

"Sijawahi kushuka huko."

"Miaka yote hii?"

Masikio ya meneja yalikuwa yamebadilika rangi, na Bi Pamba, aliyeijua aibu hiyo tangu jana, alitazama pembeni.

"Siahidi kitu," alisema meneja. "Nisikike vizuri. Siahidi mtambo, siahidi chochote."

"Nimekusikia," alisema dobi. "Leo nimekusikia."

"Lakini nataka kuona bomba letu linapotokea."

Dobi akavaa kiatu chake. Mwenyekiti akainuka, akaikunja nakala ya mkataba ambayo haikutiwa sahihi, akaiweka mezani kama kitu kisicho chake. Mpiga picha aliuliza kama naye aje. Meneja akamwambia aende zake. Wakatoka, mwanasheria akiwafuata huku akipiga simu. Bi Pamba alizisikia hatua zao koridoni, zikipita bila kusimama, kisha ngazini.

"Viatu hivyo utaviharibu, bosi," ilisikika sauti ya dobi.

"Leo vitatoka rangi gani?"

"Leo ni Alhamisi. Zambarau."

Mtu akacheka huko chini, kicheko kifupi kisicho na urafiki, lakini kicheko. Hakuweza kujua ni nani kati yao. Utani kama huo asingeubeba kamwe kutoka chumba kimoja hadi kingine. Angeuona mkali mno, angeuacha njiani, na wao wasingejua kwamba ulikuwepo.

Akawaza ni maneno mangapi ya namna hiyo aliyoyaacha.

Mhudumu wa ofisi aliingia na sinia kukusanya vikombe. Akamkuta amekaa peke yake ukutani, chumba kizima kikiwa wazi, akamwuliza kama kikao kimekwisha. Bi Pamba akasema hajui. Mhudumu akafuta meza, akakizunguka kiti chake kwa adabu, akatoka. Yeye akabaki amekaa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba sasa anaweza kusimama.